NANI MWENYE NJIA?
Somo la sheria za kugongana katika mchezo wa besiboli

Somo letu la leo linahusu mchezo. Usigeuze ukurasa ukasema, "Aa, haya ni mambo ya watoto." Mchezo una sheria, na sheria tutakazozisoma leo zinalinda miguu, mikono na vichwa vya watoto wetu. Sisi tunaoishi kwa jembe tunajua thamani ya kiungo. Mtoto akivunjika mguu, nyumba nzima inachechemea.

Mchezo wenyewe unaitwa besiboli. Vijijini bado haujaenea, lakini Dar es Salaam unachezwa na wanafunzi wa sekondari. Huenda mmoja wao ni mtoto wako, au mtoto wa ndugu yako, aliyekwenda mjini kusoma. Tuseme siku moja anakupigia simu: "Baba, nimegongana na mwenzangu uwanjani. Nimevunjika mguu." Utamwambia nini? Wengi wetu tutasema, "Pole, mwanangu. Ajali haina kinga."

Methali hiyo ni ya wazee, na ina ukweli wake. Lakini tusiitumie kufunika kila kosa. Kugongana kwingine kuna kinga, na kinga yake ni sheria. Katika besiboli sheria hiyo inaanza na swali moja: Nani alikuwa mwenye njia?

TWENDE KWANZA KARIAKOO

Kabla ya kwenda uwanjani, tupite Kariakoo. Wengi wetu tumefika huko kuuza mazao au kununua bidhaa. Asiyefika amesikia habari zake.

Jina la Kariakoo limetokana na kazi ya kubeba mizigo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, jeshi la Waingereza lilikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi hao walipiga kambi mahali hapo. Watu wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wao, likawa Kariakoo.

Mpaka leo watu wanabeba Kariakoo. Nenda Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Msimbazi asubuhi. Huyu ana belo la mitumba kichwani. Yule anasukuma mkokoteni wenye magunia ya vitunguu. Mama ameinama anapanga nyanya zake chini. Wanunuzi nao ni wengi, bega kwa bega. Sasa mbona watu hawagongani kila dakika? Ni kwa sababu upo utaratibu. Haukuandikwa ukutani, lakini kila mwenyeji anaujua.

Kwanza, mwenye mzigo anapishwa. Akipaza sauti, "Mzigo! Pisha! Angalia mguu!" wewe uliye mikono mitupu unasogea. Yeye hawezi kukukwepa upesi. Macho yake na nguvu zake zote ziko kwenye mzigo.

Pili, asiye na mzigo asizibe njia. Ukisimama katikati ya mtaa kupiga soga, utaambiwa usogee. Ukikaidi ukagongwa, wa kulaumiwa ni wewe.

Tatu, mwenye haki ya kupita hana ruhusa ya kuumiza. Mwenye mkokoteni akimwona mama ameinama mbele yake, anasimama au anapinda. Hawezi kumkanyaga halafu akajitetea, "Nilikuwa na haki ya njia."

Shika mambo hayo matatu, ndugu msomaji. Ukiyashika, sheria za besiboli hazitakupa taabu.

BESIBOLI ILIFIKAJE DAR ES SALAAM?

Kutoka Kariakoo kwenda Upanga si mbali. Huko Upanga ndiko iliko Shule ya Sekondari Azania. Mwaka 2012 wanafunzi wa shule hiyo walianza kufundishwa besiboli. Aliyeuleta mchezo huo kwao ni Mjapani, Shinya Tomonari. Wakati ule alikuwa akifanya kazi nchini katika JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa.

Baadaye yakaanzishwa mashindano ya shule yanayoitwa Koshien ya Tanzania. Koshien ni jina la uwanja mashuhuri kule Japani. Vijana wa sekondari wa nchi hiyo walianza kushindana katika uwanja huo mwaka 1924. Mwaka 2018 Azania nayo ikapata uwanja wake wa besiboli.

Kwa hiyo mchezo huu si hadithi ya nchi za mbali. Unachezwa na vijana wetu, si mbali na Kariakoo.

UNACHEZWAJE?

Kuna timu mbili. Kila timu ina wachezaji 9 uwanjani inapolinda. Timu moja inapiga, nyingine inalinda. Halafu zinabadilishana.

Uwanjani kuna vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la mraba: nyumbani, kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu. Kutoka kituo hadi kituo ni kama meta 27. Kwa watoto wadogo ni kama meta 18.

Mrushaji anarusha mpira. Mpigaji anaupiga kwa rungu. Akiupiga vizuri, anatupa rungu chini na kukimbia kwenda kituo cha kwanza. Sasa tunamwita mkimbiaji. Akifaulu kuzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, timu yake inapata pointi moja.

Walinzi nao hawakai bure. Wanauwahi mpira. Mlinzi mwenye mpira mkononi akimgusa mkimbiaji ambaye hayupo juu ya kituo, mkimbiaji huyo anatolewa. Nyuma ya kituo cha nyumbani anachuchumaa mlinzi mmoja aliyevaa kinga ya uso na ya kifua. Huyo tutamwita mdakaji.

Haya, umeona hatari iko wapi? Mkimbiaji anatazama kituo. Mlinzi anatazama mpira. Wote wawili wanakimbilia mahali pamoja kwa nguvu zao zote, na hakuna anayemtazama mwenzake. Hapo ndipo sheria inapoingia katikati yao.

SHERIA YA KWANZA: ANAYEUENDEA MPIRA ULIOPIGWA APISHWE

Mpira umepigwa, unaviringika chini au unashuka kutoka juu. Mlinzi anaufuata ili audake. Wakati huo yeye ndiye mwenye njia. Ni kama yule mpagazi mwenye belo kichwani. Mkimbiaji lazima amkwepe, hata ikibidi kutoka nje ya mstari wake na kumzunguka.

Mkimbiaji akimgonga au akimzuia, mkimbiaji anatolewa na mchezo unasimama. Asiseme, "Sikumwona." Asiseme pia, "Sikukusudia." Hapa sheria haiulizi nia. Inauliza kama alimzuia mlinzi au hakumzuia.

Lakini haki hii ina mipaka miwili. Mpaka wa kwanza: walinzi wawili wakiuendea mpira huo huo, anayelindwa ni mmoja tu, yule ambaye mwamuzi anaona ndiye hasa wa kuudaka. Mpaka wa pili: mpira ukimponyoka mlinzi ukaenda mbali naye, haki yake imekwisha. Mzigo umeanguka. Sasa ni zamu yake kumpisha mkimbiaji.

SHERIA YA PILI: ASIYE NA MPIRA ASIZIBE NJIA

Mara nyingi mlinzi anasimama mbele ya kituo akingoja mpira urushwe kutoka mbali. Mpira bado haujafika. Je, anaweza kumzibia mkimbiaji njia?

Katika sheria za watoto jibu ni hapana. Mlinzi ambaye hana mpira mkononi, na ambaye hauendei mpira uliopigwa, lazima aache njia wazi. Akimzuia mkimbiaji, kosa ni la mlinzi. Mwamuzi anaweza kumpa mkimbiaji kituo ambacho angekifikia kama asingezuiwa.

Hata mdakaji naye, pamoja na kinga zake zote, hana ruhusa ya kuuziba mlango wa nyumbani akiwa mikono mitupu. Anatakiwa asimame kando kidogo, aache nafasi ambayo mkimbiaji anaiona. Watu wengi hawalijui jambo hili. Wanadhani kosa ni la mkimbiaji siku zote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mbioni. Kumbe mara nyingine aliyesimama tu ndiye mwenye kosa.

SHERIA YA TATU: MLINZI MWENYE MPIRA ASIVAMIWE

Sasa mpira umefika. Mlinzi anao mkononi, na anamngoja mkimbiaji ili amguse. Mkimbiaji afanye nini?

Zamani wakubwa walikuwa wanainamisha bega na kumvamia mlinzi kama fahali. Walitumaini kwamba mpira utamdondoka. Kwa watoto jambo hili limekatazwa kabisa. Mkimbiaji ana njia mbili za halali.

Njia ya kwanza ni kuserereka. Maana yake ni kujilaza chini na kuteleza, miguu ikiwa mbele, mpaka kituoni. Miguu iwe chini karibu na ardhi. Asiinue kiatu kulenga goti la mwenzake, na asiserereke nje ya kituo kwa nia ya kumpiga ngwala mlinzi. Katika ligi nyingi za watoto wadogo, mtoto anayekwenda mbele haruhusiwi hata kuserereka kwa kutanguliza kichwa. Kichwa si kitu cha kutangulizwa.

Njia ya pili ni kujaribu kumzunguka mlinzi. Lakini asiende mbali mno. Akipinda zaidi ya senti­meta 91 hivi kutoka njia yake ili tu asiguswe, anatolewa.

Tuondoe kosa moja hapa. Utasikia watu wakisema, "Lazima mtoto aserereke." Si kweli. Sheria haimlazimishi kuserereka. Inamtaka achague: aserereke au ajaribu kumkwepa mlinzi. Tena wajibu huo unahusu mlinzi ambaye tayari ana mpira na anangoja kumgusa. Kocha anayemlazimisha mtoto ambaye hajafundishwa kuserereka anamtafutia mtoto huyo kuteguka kifundo cha mguu.

SHERIA YA NNE: HAKUNA RUHUSA YA KUUMIZA

Sheria hii inawahusu wote, mkimbiaji na mlinzi. Katika mchezo wa vijana, anayemgonga mwenzake kwa makusudi au kwa ukatili anatolewa mchezoni kabisa. Haijalishi kama alikuwa na haki ya njia. Mlinzi naye asimwangukie mkimbiaji kwa goti, wala asimpige usoni kwa mpira akijifanya anamgusa. Mpira wa besiboli ni mgumu. Uzito wake ni karibu gramu 145.

Unakumbuka mwenye mkokoteni na mama wa nyanya? Ndiyo sheria hii hii.

SI KILA KUGONGANA NI KOSA

Tusije tukafika mahali pa kumtafuta mkosaji hata pasipo na kosa. Chukua mfano huu. Mpigaji ameugusa mpira kidogo tu, ukaanguka karibu na miguu yake. Yeye anaanza kukimbia kwenda kituo cha kwanza. Mdakaji naye anaruka kuuokota mpira. Wakagongana. Kila mmoja alikuwa anafanya kazi yake. Hapo kwa kawaida mwamuzi haoni kosa la yeyote, na mchezo unaendelea. Hiyo ni ajali kweli.

Kwa hiyo mwamuzi mzuri hasimamishi mchezo kwa sababu tu watu wawili wameanguka. Anajiuliza maswali manne: Mpira ulikuwa wapi? Nani alikuwa na haki ya njia wakati ule? Je, kila mmoja alijaribu kumkwepa mwenzake? Je, kulikuwa na ukatili?

SHERIA HIZI ZILITOKANA NA MIFUPA ILIYOVUNJIKA

Kule Marekani, ambako mchezo huu ni mkubwa, wachezaji wa kulipwa waliachwa wavamiane kwa miaka mingi. Watu walisema ndiyo uanaume wa mchezo.

Tarehe 25 Mei 2011, mjini San Francisco, mkimbiaji aitwaye Scott Cousins alimvamia mdakaji Buster Posey kwenye kituo cha nyumbani. Posey alivunjika mfupa wa mguu na kuchanika mishipa ya kifundo. Hakucheza tena msimu ule. Je, Cousins aliadhibiwa? Hapana. Pointi yake ilihesabiwa, kwa sababu sheria za wakati ule hazikukataza. Watu wakabishana sana. Mwaka 2014 ikawekwa sheria mpya: mkimbiaji asiiache njia yake ili kumvamia mdakaji, na mdakaji asiye na mpira asizibe njia ya nyumbani.

Tarehe 10 Oktoba 2015, Chase Utley alijitupa kwenye kituo cha pili akamgonga mlinzi Ruben Tejada, naye akavunjika mguu. Mwaka 2016 ikaongezwa sheria kwamba anayeserereka akilenge kituo, asimlenge mtu. Mwaka huo huo wa 2016 wachezaji wa kulipwa wa Japani nao walianza kutumia sheria ya kuzuia kugongana nyumbani.

Ndugu msomaji, tazama jambo hili kwa makini. Siku Posey alipoumia, ungeweza kusema ajali haina kinga. Miaka mitatu baadaye kinga ikapatikana. Mchezo haukufa. Pointi zinafungwa kama zamani. Kilichopungua ni watu kubebwa kwa machela.

MTU AKIUMIA TUFANYE NINI?

Hata sheria zikifuatwa, mtu anaweza kuumia. Haya ni mambo machache ya kukumbuka. Yatakufaa hata katika mpira wa miguu, au mtu akianguka kutoka mtini.

1. Akigonga kichwa, atoke uwanjani mara moja. Akiwa na kizunguzungu, akitapika, akichanganyikiwa au akisahau mambo, apelekwe kwa mganga wa zahanati au hospitali bila kuchelewa. Hata kama anasema, "Nipo sawa," asirudi kucheza siku ile.

2. Akilalamika shingo au mgongo, msimwinue wala msimgeuze ovyo. Mwacheni alivyo, mtafute msaada.

3. Mkishuku mfupa umevunjika, msiuvute, msiukande, msijaribu kuunyoosha. Uwekeeni ubao au fimbo kando, mfunge kwa kanga au kitambaa, si kwa kukaza mno, halafu mumpeleke kutibiwa.

4. Pakitoka damu, bonyezeni kwa kitambaa safi.

MKITAKA KUUANZISHA KIJIJINI

Huenda mwalimu wa shule yenu, au kijana aliyerudi kutoka Dar, atataka kuwafundisha watoto mchezo huu. Asikatazwe. Lakini wazazi waulize maswali kabla rungu halijainuliwa.

Uwanja ukoje? Kama una mawe na visiki, kataeni kuserereka kabisa. Wekeni sheria yenu: mlinzi mwenye mpira akiwa anangoja, mkimbiaji asimame au azunguke. Watoto watacheza vizuri tu.

Vituo ni vya nini? Msiweke jiwe wala tofali. Chora mraba kwa majivu, au tandika gunia bapa. Katika kituo cha kwanza tengenezeni viwili vilivyoungana, cha ndani kwa mlinzi na cha nje kwa mkimbiaji. Hivyo mguu wa huyu hautakutana na mguu wa yule. Ligi nyingi za watoto hutumia kituo cha namna hiyo, nusu nyeupe na nusu ya rangi ya chungwa.

Mpira ni wa aina gani? Wanaoanza wapewe mpira laini. Hata wa matambara unafaa.

Nani ni mwamuzi? Awe mtu mmoja anayezijua sheria hizi nne, na ambaye wote wamekubali kumsikiliza. Sheria bila mwamuzi ni kama mzani bila mawe.

Mwisho, watoto wafundishwe kusema. Walinzi wawili wakiuendea mpira mmoja, anayeudaka apaze sauti, "Wangu!" Mwenzake asogee. Mpagazi wa Kariakoo alijua siku nyingi kwamba sauti ni kinga.

JIPIMENI

Someni visa hivi katika kikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wajibu. Bishaneni kwanza, ndipo mtazame majibu.

1. Mpira umepigwa juu. Mlinzi anautazama angani, anarudi nyuma kinyumenyume. Mkimbiaji anamgonga kwa bahati mbaya. Nani mwenye kosa?

2. Mdakaji amekaa juu ya njia ya nyumbani. Mpira bado uko mbali. Mkimbiaji anajikwaa kwake na kuanguka. Nani mwenye kosa?

3. Mlinzi ana mpira, anangoja kwenye kituo cha tatu. Mkimbiaji hakuserereka, lakini alijaribu kumzunguka, akaguswa kidogo begani kwa mpira. Je, amevunja sheria ya kugongana?

4. Mlinzi hana mpira na amesimama njiani. Mkimbiaji amemwona, akasema moyoni, "Ngoja nimfundishe adabu," akamvamia kwa bega. Nani mwenye kosa?

5. Walinzi wawili wanauendea mpira uleule. Mkimbiaji anamgonga yule ambaye hakuwa wa kuudaka. Je, sheria inamlinda mlinzi huyo?

MAJIBU

1. Mkimbiaji. Mlinzi alikuwa anauendea mpira uliopigwa. Bahati mbaya si utetezi.

2. Mdakaji. Hakuwa na mpira, na alizuia njia.

3. Hakuvunja sheria hiyo, kwa sababu alijaribu kumkwepa. Lakini ameguswa kwa mpira akiwa nje ya kituo, kwa hiyo anatolewa kama kawaida, bila kuitwa mkosaji.

4. Wote wawili wana makosa. Mlinzi alizuia njia. Lakini kosa la mkimbiaji ni kubwa zaidi, kwa sababu alikusudia kuumiza. Anatolewa mchezoni.

5. Hapana. Anayelindwa ni mmoja, yule wa kuudaka mpira. Huyu wa pili alitakiwa asimzuie mkimbiaji.

Ukipata visa vinne kati ya vitano, unaweza kukaa kando ya uwanja ukaelewa kinachoendelea. Ukipata vyote vitano, unamshinda mshabiki anayepiga kelele tu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mkimbiaji: mchezaji anayetoka kituo kimoja kwenda kingine.
Mlinzi: mchezaji wa timu inayoutafuta mpira.
Mdakaji: mlinzi wa kituo cha nyumbani.
Kuserereka: kuteleza chini mpaka kituoni, miguu mbele.
Haki ya njia: haki ya kupishwa.

Sasa turudi kwenye ile simu. Mtoto amesema, "Baba, nimegongana na mwenzangu." Mpe pole kwanza. Uliza kama amefika hospitali. Hakikisha ametibiwa. Halafu muulize taratibu: "Mwanangu, mpira ulikuwa wapi? Nani alikuwa mwenye njia? Na wewe ulijaribu kumkwepa?"

Atashangaa baba yake kijijini ameyajuaje hayo. Nawe utamwambia kwamba umeyasoma.